Sindano Ndani ya Kitenge

Kirando

Mama, shikamoo. Mjukuu wako Neema anakusumbua?

Huku ziwani sipati utulivu. Juzi nilimzalisha binti mmoja. Nilipogeuka kumkausha mtoto, bibi ya yule binti akanipangia kitanda kwa wema, akakunja vitenge vyote na sindano niliyomchoma binti humo humo. Nilipovinyanyua ikanichoma kidole. Nilianza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI siku ile ile. Kipimo cha kwanza ni kizuri, ila watanipima tena. Dawa zinanitia kichefuchefu, dagaa sitaki hata harufu yao. Kila asubuhi bibi ananiletea uji. “Pole mwanangu, nilitaka upumzike.” Nakunywa, namshukuru.

Mbusu Neema. Ukimpeleka chanjo, Mama yangu, wewe mpakate tu. Usimsaidie nesi kuokota kitu.

Mwanao