Nzi wa Kumvulia Mama

Sumbawanga,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka Ambakisye,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na mama akiwa ameketi hata kama hajasimama. Mimi mwili hauna ugonjwa. Kikohozi cha baridi ya huku kimeniachia. Mengine nitayaandika, maana kwa mdomo nisingeyaweza, unanijua.

Barua yako mjomba aliniletea shuleni tukiwa tunapalilia mahindi ya shule. Nilikwenda kuisomea nyuma ya stoo ya majembe. Nilipofika pale uliposema mama anakunywa maji tu kisha anageukia ukutani, nikaikunja, nikarudi kupalilia, nikapalilia na mahindi yenyewe mpaka mwalimu wa zamu akanifokea. Jioni ndipo nikasoma iliyobaki: kwamba amefungua mdomo akasema angekula trauti, wale samaki wa mtoni aliokuwa akivua baba, na kwamba unataka kwenda mtoni kabla hamjahamishiwa kijiji kipya kule bondeni, na hujui hata kitu kimoja kilichomo kwenye kopo la baba. Unaniuliza uchukue nzi yupi na uzi upi. Nitakujibu. Lakini kwanza nikuambie kwa nini sikufika kumzika baba. Najua watu wamesema. Wewe hukuniuliza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Telegramu ilipofika, mjomba alikuwa vijijini na wenzake wa ofisini, kwenye hiyo hiyo kazi ya kuhamisha watu. Mke wake akanipandisha basi peke yangu. Tulipita Laela, na mbele kidogo tukakuta mvua imechukua daraja. Dereva akageuza mpaka Laela, akasema tusubiri. Tukalala ndani ya basi. Asubuhi nilikaa kwenye gogo karibu na mama mmoja aliyekuwa akiwauzia uji wapakiaji wa magunia. Akaniangalia.

“We binti, unakwenda wapi na macho hayo?”

“Nyumbani. Rungwe.”

“Nyumbani kuna nini?”

Ilikuwa kusema tu kwamba amekufa, kaka. Ikanikwama. Nikasema, “Baba anaumwa.”

“Nini?”

“Kifua.”

“Baridi hiyo. Atapona.” Akainuka, akachota unga wa ulezi, akanifungia kwenye kitambaa. “Mpikie uji mwepesi, moto moto. Utaona atakavyoamka.”

Mpakiaji mmoja akalalamika, “Mama, mimi kila siku naomba nyongeza unaninyima, leo unagawa unga?”

“Wewe unaumwa nini zaidi ya uvivu?”

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Baadaye nikakumbuka kwamba saa hizo mlikuwa mnamteremsha kaburini. Mimi nilikuwa Laela, nimekumbatia unga wa mgonjwa, nacheka.

Daraja halikutengenezwa, basi likarudi Sumbawanga. Mke wa mjomba aliniuliza ule unga ni wa nini. Nimekuwa nikiupika mwenyewe asubuhi asubuhi, nikiunywa, mpaka umekwisha. Sijui kama nilifanya vibaya. Haya, sasa umejua.

Tuje kwenye nzi. Wewe ulikwenda Chunya kwenye malori kabla yule Mzungu wa shamba la chai hajaondoka na kumwachia baba fimbo ya kuvulia, kwa hiyo hukumwona baba akivua. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea kopo.

Kopo liko juu ya kabati, lile la tumbaku. Ndani utakuta vindoano vingi vilivyofungwa manyoya na nyuzi ili vifanane na wadudu. Hao ndio nzi. Usichague kwa uzuri. Utampenda Bibi Harusi, yule mweupe mwenye mkia mwekundu na uzi wa fedha tumboni. Kila mtu humpenda. Baba alisema yule alitengenezwa kuwavua Wazungu, siyo samaki. Mwache humo humo.

Kwa mtu anayeanza wanatosha wawili. Karani ni mdogo, wa kijivu, amebanwa shingoni kama aliyefunga tai. Mchungaji ni mweusi, mnene, ana kola nyeupe. Hayo ni majina ya baba. Kwenye kile kijitabu cha Kiingereza alichoachiwa pamoja na fimbo wana majina mengine. Nilikuwa namsomea na kumfasiria, yeye anasikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, “Sawa mwanangu, lakini samaki wa hapa hawajasoma hicho.”

Ukifika mtoni usifungue kopo. Baba alikuwa hafungui kabla hajaingiza mkono kwenye maji akageuza jiwe na kutazama wadudu waliojishika chini yake, maana samaki wanakula kile kilichopo siku hiyo. Wadudu wakiwa wadogo wa kijivu, na maji ni meupe unaona mchanga, Karani. Kama mvua imenyesha na maji yana rangi ya chai ya maziwa, Mchungaji, kwa sababu samaki wanatafuta kitu kikubwa cheusi wanachoweza kukiona.

Sasa uzi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ule mshipi wenyewe ni mnene, samaki anauona. Kwa hiyo mwisho wake unaunga kipande cha nailoni nyembamba, urefu wa toka puani mpaka ncha ya vidole ukinyoosha mkono, na nzi unamfunga hapo. Kwenye mfuko wa koti la baba kuna vigurudumu viwili vya nailoni hiyo, kimoja cha uzi mwembamba, kingine cha mnene kidogo. Mwembamba ni wa Karani. Ukimfunga kwenye ule mnene atakaa majini amekakamaa, na samaki atampita kama hamjui. Mnene ni wa Mchungaji, maana kwenye mwembamba atajisokota hewani mpaka uzi uwe kama kamba ya katani, na samaki akivuta anaondoka naye.

Kabla ya kufunga, uvute uzi kati ya mikono yako. Ule wa juu juu umekaa sana, utakuwa umekauka. Ukikatika kirahisi tupa huo, endelea kufungua mpaka uupate unaonyumbuka. Na fundo ulilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, la sivyo uzi unaungua kwa kujisugua wenyewe. Baba alikuwa akiweka fundo mdomoni, na mimi nilijua hapo hapaulizwi kitu.

Juzi nilimweleza haya msichana ninayekaa naye dawati moja. Kwao ni Milepa, karibu na ziwa. Tulikuwa tunachambua maharage ya shule.

“Samaki anakula manyoya?” akaniuliza.

“Anadhani ni mdudu.”

“Basi huyo mbumbumbu. Wa kwetu tunawafuata na nyavu na bado wanatuchungulia.”

Nikacheka, halafu nikamwambia baba yangu amekufa. Ilitoka yenyewe. Sikuwa nimeisema bado kwa mtu yeyote, hata kwa mjomba tulikuwa tunasema “ile habari”. Aliacha maharage, akaniuliza, “Lini?” Nilipomwambia, akasema, “Na siku zote hizo unakuja hapa unafanya hesabu?” Nikasema ndiyo. Akanivutia sinia upande wangu, tukaendelea kuchambua. Hapo ndipo nilipolia, kaka, na yeye akawa anaendelea kutoa mawe kama hanioni, ili wengine wasigeuke.

Najua unamtegemea samaki huyu. Mimi pia. Kila nikisali naomba trauti, naona haya, lakini ndiyo ninayoomba. Ila lazima nikuambie ukweli ambao mtoni utaujua tu: huenda usipate. Mikono ya mwanzo huwa inapiga maji kama mtu anayefukuza ng'ombe, na samaki wanakimbia. Ikiwa hivyo, usipite sokoni ukanunua samaki mwingine ukamwambia mama ni trauti. Atajua.

Na kuna jambo hulijui kwa sababu hukukaa nao miaka hii. Mama hapendi trauti. Alikuwa anasema ana ladha ya majani. Baba alikuwa anarudi jioni, anakaa kwenye kigoda, anaanza kueleza: nilisimama kwenye mwamba ule, nikarusha pale penye kivuli, akaja, akaniangalia, akaondoka. Mama anasikiliza huku anamega. Baba akinyamaza, mama anauliza, “Halafu?” Anamega tena. Mwisho wa habari sahani imekwisha na hajui kama amekula. Nilikuwa nakaa pembeni naona. Siku baba alipokuja mikono mitupu ilikuwa vile vile, na walikula mboga.

Kwa hiyo upate samaki au usipate, kaa karibu naye, kwenye kigoda. Mwekee ugali na chochote kilichopo, umgeuze aupe ukuta mgongo ikiwezekana, kisha uanze kueleza. Usiruke. Mwambie uligeuza jiwe gani, maji yalikuwaje, ulimfunga nani. Mwambie na pale ulipoteleza ukalowa. Usimwambie ale.

Nisalimie bibi, mwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika. Nisalimie shangazi Subilaga na wanawe, na mzee wa kanisa aliyesimamia mazishi, mwambie nimesikia alivyomwombea baba na ninamshukuru. Mama msomee salamu zangu tu, haya mengine yaache kati yetu. Mwambie mwanawe anasoma.

Mimi likizo bado mbali, na nikija mtakuwa mmeshahamia bondeni, mto hautakuwa karibu tena. Basi ukishamaliza kumweleza mama, chukua karatasi unieleze na mimi ulisimama wapi. Uandike polepole, nisije nikamaliza haraka.

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile