Chekecheke ya Watu Wawili

Shemeji Wafula,

Yule mama Mnubi wa mahamri, pale nyuma ya msikiti wa Makina, bado ananifungia mawili. Nilimwambia kwamba tulikupeleka nyumbani, tukakuzika. Alisema pole sana, kisha akafunga mawili vilevile. Langu nalila njiani. Lako nalibeba mpaka Kawangware, nikifika kitaluni kwa miche simpi mtu.

Nimeshika kalamu tangu saa nne asubuhi. Dada yako Nekesa anafua hapo nje, na mtoto yuko mgongoni. Hukumwona huyu. Ni mvulana, tulimpa jina lako. Kila nikimwita nasikia kama ninakuita wewe, na ninakuwa na jambo la kukuambia.

Kwanza habari za miche. Mnyapara Njoroge alipokufukuza, tuliing'oa yote. Unakumbuka ilivyokuwa, majani membamba yamevaa pete nyekundu, kisha yanakauka kuanzia nchani na kupukutika. Tuliichoma siku mbili. Moshi wake ulinukia vizuri, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye alikuja bwana miti wa serikali. Akasema ni kuvu. Inakaa ndani ya majani, hata yaliyoanguka, na tone la mvua likipiga jani gonjwa linairusha kwenye mche wa jirani. Akatuletea mbegu za msonobari wa aina nyingine, ambao kuvu hiyo haiuwezi. Njoroge alisikiliza yote, halafu akatoa amri yake mwenyewe ya unyapara: "Hiyo mchanga ya Wafula sitaki kuiona hapa tena."

Kwa hiyo tulipanda kwenye udongo wa mtoni mtupu, bila ule uliokuwa ukiuchota chini ya misonobari mikubwa. Miche ilitoka vizuri, ikafika urefu wa kidole, ikasimama. Ikawa ya manjano. Wewe ungejua siku ya kwanza. Ulikuwa ukituambia, "Paini ni bibi harusi, hakai vizuri mpaka aje na udongo wa kwa mama yake." Otieno wa toroli alikuwa akikuuliza kama mti nao una wakwe, nawe unamjibu kwamba wakwe wa mti wana adabu kuliko Wajaluo. Sasa Otieno huyohuyo alisema, "Wafula ametufunga bao kutoka kaburini." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, shemeji. Nisamehe hicho kicheko kabla sijafika kwenye lile kubwa.

Kubwa ni hili, ingawa najua ulilijua.

Mwezi wa nne ulilala kitandani na kifua chako. Nilienda peke yangu kwenye misonobari mikubwa ya juu ya mto, nikachota udongo magunia mawili. Chekecheke yetu ni ya mikono miwili, mtu huku na mtu kule, na wewe hukukubali udongo uingie tutani kabla haujapita mara mbili na majani yote kutupwa mbali. Niliegemeza upande wako juu ya jiwe. Ikapinduka. Nikajaribu tena, ikapinduka. Mvua ikaanza. Nikatazama huku na huku, nikamwaga udongo tutani jinsi ulivyokuwa, majani na yote, nikafunika juu kwa udongo safi.

Uliporudi kazini ulitia kidole kwenye tuta la kwanza. Ukatoa jani moja la kahawia, lina pete. Ukanitazama. Kisha ukalitia kwenye mfuko wa shati.

Ugonjwa ulipotokea, Njoroge alitukusanya, akauliza nani alileta udongo. Nilikuwa nimefungua mdomo, naapa nilikuwa nimeufungua. Wewe ukasema, "Udongo ni kazi yangu." Nikaufunga. Tulirudi Kibera pamoja siku hiyo, na njia nzima ulizungumza habari za mahindi ya nyumbani. Hukuniuliza. Nekesa alikuwa na mimba kubwa, labda ulimfikiria yeye. Sijui. Ningependa ungenitukana.

Siku walipokuosha nyumbani, nilipewa shati lako nilishike. Jani lilikuwa bado mfukoni.

Nilikaa nalo. Kisha Jumatano moja Njoroge alitazama miche ya manjano, akasema Ijumaa tunaing'oa, tupande kabeji. Ikabidi niseme, mbele ya wote. Nililiweka lile jani kwenye kiganja chake. Nikamwambia udongo wa Wafula hauna kosa, kosa ni majani, na aliyeyaacha ni mimi. Otieno akashusha toroli. Njoroge akaligeuza lile jani kiganjani.

"Na wewe ulimwacha azikwe na hiyo maneno?"

Nikasema ndiyo.

Hakunifukuza. Alisema, "Leta mchanga ya huyo mzee. Tuta moja. Nakupa wiki sita. Ikikataa, unaenda pamoja na hiyo miche."

Nilimweleza Nekesa jioni ileile, kabla hajasikia kwa majirani hapa Mashimoni. Alikuwa anasonga ugali. Aliumaliza, akaupakua, akasema, "Kaka yangu alikula kwenye meza hii kila Jumapili." Tangu hapo ananiambia chumvi imekwisha, mtoto ana joto, basi. Zaidi ya hayo hakuna.

Kesho yake nilienda kwenye ile misonobari ya juu ya mto, nikachota udongo, nikaegemeza chekecheke juu ya jiwe lilelile. Ikapinduka. Nilikuwa nimepiga magoti ninaokota nilipoona miguu ya Nekesa. Alikuwa ametembea kutoka Kibera na mtoto mgongoni. Hakunisalimu. Alishika upande wako, akasema, "Tikisa."

Tulichekecha mara tatu, nikautia udongo kwenye tuta moja la miche ya manjano. Majani aliyafunga kwenye kanga, akaenda kuyachoma mwenyewe.

Wiki sita zinaisha kesho. Jana nilichuchumaa kwenye lile tuta mpaka magoti yakauma. Katikati, pale yanapochipuka majani mapya, naona kama kijani. Nikisogea naona manjano. Nilimwita Otieno atazame. Akatazama, akavua kofia, akasema, "Wacha mwenyewe aamue." Sijui alimaanisha Njoroge au wewe.

Kwa hiyo sijui nitakuwa na kazi kesho. Lakini wote wanajua ni nani aliyemwaga udongo ule, na hakuna tena anayekutaja kwa kicheko. Hilo halitang'olewa, hata ikipandwa kabeji. Na Otieno nimemfundisha kuchekecha, ili kama nikiondoka abaki mtu.

Ahadi yangu ni moja. Tuta likikubali, mche wa kwanza nitaupeleka nyumbani na kuupanda upande wa kichwa chako, pamoja na kopo la udongo wa kwa mama yake, uliochekechwa. Likikataa, nitakuja mikono mitupu, na nitakuja vilevile.

Nekesa ameingia sasa hivi na beseni. Amesimama nyuma yangu, nadhani amesoma. Amesema kesho nimwamshe mapema, twende wote.

Basi lala, shemeji. Hamri lako kesho atalila dada yako.

Ni mimi,
Barasa