Tatu Anamuigiza Mjomba

Jumanne, 5 Agosti
Mashuka ya hoteli tangu asubuhi. Vidole vimechubuka kwa sabuni. Nimerudi nyumbani sijavua hata mtandio, Tatu ananingoja uani na simu. Nimrekodi. Kila siku hivyo. Mwanangu anataka kuwa mchekeshaji, na hatanii. Anataka jukwaa na watu waliokata tiketi. Ana miaka kumi na saba. Hapa Utende wananiuliza kama sioni aibu. Sioni.

Leo kamuigiza mwenyekiti wa kijiji, kisha Kombo, kaka yangu. Kile kikohozi chake kabla ya salamu. Anavyoinua kanzu kwa vidole viwili akipita kwenye matope. Nimecheka mpaka simu ikatikisika. Halafu nikamwambia huyo asimtoe nje ya ua huu.

"Mama, sina mwingine mzuri kama yeye."

Kweli. Hiyo ndiyo shida.

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi Kiegeani jana. Upande wa wanawake. Tatu kasimama katikati, kamuigiza Kombo. Nilidhani ataishia kwenye kikohozi. Akaendelea. Kombo katoka msikitini, anawapa watu mkono, uso asali. Kaingia kwake, kafunga mlango. Mwiba kwenye samaki. Sahani ukutani. Kofi. Kofi. Mke haonekani, ni mlio tu, Tatu anajipiga pajani.

Wanawake wamelia kwa kucheka. Wote wanamjua. Asha, mke wa Kombo, alikaa safu ya pili. Kacheka kuliko wengine, mdomo kauziba kwa mtandio. Nilijivuna. Nilikaa pale nikijivuna.

Kuna aliyerekodi. Mchana wa leo video iko kwenye kila simu.

Jumapili, 10 Agosti
Nilikuwa kazini. Kombo kaja na mpini wa jembe. Majirani wanasema alimlenga Tatu mdomo. Anapiga, anamwambia, "Sema sasa. Sema." Jino la mbele limetoka. Mdomo umepasuka mpaka chini ya pua. Majirani wamesimama wanatazama, kwa sababu ni mjomba wake.

Bodaboda mpaka hospitali ya Kilindoni. Nimempakata mbele yangu, damu yake imelowesha mgongo wa dereva. Kashonwa. Hakulia. Alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia.

Namchukia Kombo. Tumbo moja, ziwa moja, na namchukia.

Jumatatu, 11 Agosti
Asha kaja asubuhi kwa miguu. Hakutaka kukaa. Kageuka, kapandisha blauzi. Mgongo mzima alama za waya, nyingine bado mbichi.

"Wifi, hiki ndicho kicheko changu cha Ijumaa."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kujibu. Tatu kaona. Kaingia ndani, kajifunika gubigubi. Nilibaki katikati ya ua, sijui niende kwa nani kwanza. Asha akaondoka. Akarudi kwake. Hana pengine, ndivyo alivyosema.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemvunja mkono kaka yangu.

Kaja kuchukua simu. Kasema ataivunja, na akimsikia tena Tatu anaigiza mtu yeyote atamkata ulimi. Kamshika nywele, anamburuta kuelekea mlangoni. Nyuzi za mdomo zikaachia. Nilikuwa natwanga. Mchi ulikuwa mkononi tayari. Pigo la kwanza, mkono. Nilisikia mfupa. La pili begani, akaanguka. La tatu nilishaliinua, nalielekeza kichwani. Tatu kaudaka mchi kwa mikono miwili.

"Mama, basi. Basi."

Damu inamtoka kidevuni, na yeye ndiye ananibembeleza mimi. Ningemuua. Si kwamba nilipandwa na wazimu. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilifurahi mfupa ulipovunjika.

Alhamisi, 14 Agosti
Kituoni tangu asubuhi. Kombo na bandeji, mimi na binti yangu mwenye pengo. Askari kasema ni mambo ya familia moja, tukayamalize nyumbani. Kombo kadai hana mpwa tena. Nikamwambia basi asahau na njia ya kwangu.

Asha kaitwa atoe maelezo kama mke. Wote tulijua atasema nini. Kasema mengine. Kaeleza kila kitu, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa sauti ndogo, askari anamwambia aongeze sauti. Akaongeza. Kombo alikohoa. Mtu kwenye benchi akacheka, akajizuia.

Sasa Kombo yuko ndani. Asha yuko kwangu, kwenye kitanda cha Tatu.

Jumatatu, 18 Agosti
Tatu haongei. Si mdomo unaomuuma, naijua tofauti. Kafuta video zote kwenye simu. Kaniambia tu kuwa hataki tena kuchekesha. Kwamba alipata vicheko, na mwenzake akapata waya.

 

Jumapili, 24 Agosti
Nyuzi zilizoshonwa upya zimetolewa. Kovu litabaki.

Jioni tulikuwa uani watatu, tunachambua mchele. Asha kaanza yeye, bila kumtazama.

"Pale harusini. Mbona mimi hukuniigiza?"

Tatu kasema alimwonea haya.

"Basi nikawa kofi tu. Kwani mimi sikuwemo ndani?"

Kisha Asha kaweka ungo chini, kasimama. Kamwonyesha anavyokuwa jikoni akisikia mlango. Kwanza anashusha sufuria ya moto. Anaiweka mbali, isije ikammwagikia. Anavua bangili. Anafuta mikono kwenye kanga, pande zote mbili, polepole, kama mtu anayejiandaa kula.

Tatu kanyanyuka, kasimama nyuma yake. Kashusha sufuria isiyokuwepo. Asha kageuka, kamtazama, kamrekebisha bega.

"Lishushe kidogo. Hapo."

Wakarudia. Mimi niliendelea na mchele. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyewaambia waache.