Bakuli la Pili la Piko

Mwanahawa,

Huna haya. Hilo kwanza, salamu baadaye. Umemchoma mtoto mikono, kisha ukamwambia aliyemchoma ni Mungu.

Shikamoo uliyoituma kwa bintiyo Salma imenifika huku Torino. Sijaiitikia. Marahaba yako ninayo hapa, nimeikalia. Mimi ni mzima. Magoti yananiuma kwa baridi, lakini mdomo ni mzima, na mkono wa kuandika nao mzima, ijapokuwa madrasa niliacha mapema na herufi zangu zapanda na kushuka. Naandika kwa kuwa simu ukisikia ni sauti yangu unaizima. Karatasi haizimiki. Hapo Mambrui hamjambo? Salma amezoea kwa mumewe? Haya.

Sasa sikiliza. Zuhura hapigi piano.

Zuhura, mtoto wa kaka yako. Mama yake alipokufa ulimchukua mchanga ukamnyonyesha pamoja na Salma, huyu ziwa hili, huyu lile. Alipoanza kukimbia nikawa naenda naye Malindi kwa yule mama Mtaliano niliyekuwa nikimfulia. Naanika mashuka uani, nasikia ndani mtoto anabonyeza kinanda na yule mama anampigia kelele. Nikadhani anamgombeza kwa kugusa vya watu. Kumbe anamfunza. Kinanda hicho ndicho kilichotuleta huku. Leo watu wazima wa huku, na suti zao, wananyamaza kimya mjukuu wangu akikaa kwenye kile kiti. Wewe hujapata kunyamaziwa hivyo hata siku ya harusi yako.

Siku ya hina ya Salma nilikwambia mbele za watu, "Huyu asitiwe kitu vidoleni. Akirudi Torino ana tamasha kubwa, yeye mbele, wapiga fidla wote nyuma yake."

Ukacheka. "Mama nawe! Dada wa bibi harusi akae mikono mitupu kama yuko edani? Wakwe watasemaje?"

Fundi wa hina alikuwa ameshamaliza piko yake yote, ile hina nyeusi, kwa Salma na mashoga zake. Ukaingia jikoni, ukatoka na bakuli jingine, jeusi tii. "Imebaki kidogo," ukasema. Zuhura akakunyooshea mikono yote miwili, anacheka, kwa kuwa ni wewe.

Haikuwa imebaki. Vipakiti vya ile rangi ya nywele ya mumeo, anayofichia mvi, niliviona kesho yake kwenye jaa nyuma ya jiko. Wakati ule mikono ya mtoto ilikuwa haijaota kitu, nikavipita. Moto ulianzia kwenye ndege. Tulipofika huku vidole vimevimba havikunjiki, na malengelenge yamefuata mchoro wako ua kwa ua, jani kwa jani. Daktari akauliza, "Nini hiki?" Nikamwambia ni mapenzi ya shangazi yake.

Tamasha akapewa msichana mwingine. Sisi tukapewa viti vya nyuma, tutazame. Yule msichana alikuwa akipiga huko mbele, na Zuhura vidole vyake ndani ya bandeji vinamfuata juu ya goti, usaha unatoka, wala haachi. Pale niliona mtoto bado hajafa. Uliyemmaliza ni wewe, siku ya pili yake.

Maana ndipo ulipomtumia ile sauti. "Mwanangu Zuhura, wanawake wote tulipakwa piko ile ile, hakuna aliyeungua ila wewe. Mungu amekuonyesha. Kinanda hicho kiache."

Anaisikiliza akipika. Anaisikiliza akifua. Vidonda vimepona, daktari amesema apige. Wenye tamasha wamempa siku nyingine, mwezi huu ukiisha, na wamesema wazi, akishindwa hiyo hawamwiti tena. Piano ameifunika kwa leso yangu ya kujitanda.

Nikamwambia, "Naona umeivika sanda. Twazika lini?" Hakucheka. Nikamweleza habari za vile vipakiti. Akanitazama kama naomba sadaka.

"Bibi, wewe wataka nipige, ndiyo maana wasema hivyo. Shangazi hawezi kunichoma kisha akanyamaza."

Hawezi, ati! Macho yangu yeye hayaamini, ulimi wako anauamini. Nami nakujua toka u mdogo. Ulivunja mtungi wangu ukasema ni paka, na paka mwenyewe ukampiga ili tuamini. Uliogopa wakwe wa Salma waseme mama wa bibi harusi anachoma wageni. Harusi imekwisha, pilau yake imeshakwenda chooni. Waogopa nini tena?

Msalimu mumeo, mwambie mvi zake ni nzuri kuliko rangi yake. Msalimu Salma, mwambie ndugu yake wa ziwa moja hajaisahau siku ile, hata akitaka. Msalimu wifi yako Bi Rukia, aliyekuwa jikoni nawe akaona ulichokoroga akafunga mdomo. Mwambie nami namfungia wangu.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma usilie, usiende kwa jirani, wala usinipigie mimi. Ingia jikoni mwako, lile bakuli liweke mbele yako, mwite Salma akae asikie. Mpigie Zuhura. Mwambie piko yake ilikuwa mbali na ya wenziwe, uliikoroga wewe, na useme uliikoroga kwa nini. Mungu usimtaje. Akilia, ngoja. Akikutukana, ngoja. Akikata, piga tena. Mimi nitakuwa nimekaa hapa ubavuni mwa piano. Leso ikitoka, nitakuitikia shikamoo yako. Isipotoka, hilo ziwa ulilomnyonyesha usilitaje tena mbele yangu.

Ni mimi mamako, Bi Zainabu. Weka karatasi chini, shika simu.