Orodha ya Wavivu Ina Jina la Mama Yangu

Mshauri mpendwa, pole na shida za watu, sasa naomba uongeze na yangu, maana imenikaa kooni na hapa mtaani sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana karibu na mashine ya kusaga, natengeneza mageti na vyuma vya madirisha, na watu wananiita Mzee wa Nondo ingawa miaka hamsini sijaifikia. Kazi ni nzuri, nisikufuru, kwa sababu wizi umezidi, wiki moja tu hapa kwetu iliibiwa mitungi miwili ya gesi na suruali ya mwalimu ikiwa bado inachuruzika maji kwenye kamba, na mimi kila nikiingia kwa kinyozi huwa nawaambia watu ukweli, kwamba unga umepanda, mafuta yamepanda, kodi ya chumba imepanda, kwa sababu serikali inachukua jasho letu inawagawia wavivu inaowaita wasiojiweza, na hao wavivu wakishashiba wanapata nguvu za kuruka kuta zetu.

Basi kwenye mkutano wa mtaa nilisimama, na makofi nilipigiwa, mshauri, nikasema wanaopewa hizo fedha majina yao yabandikwe nje ya ofisi ya mtaa, na pembeni ya kila jina iandikwe sababu, ili tuwajue, na yeyote mwenye mtoto mkubwa anayeweza kumlisha apingwe ndani ya siku kumi na nne aondolewe. Wakakubali yote. Mwenyekiti akasema wasiwasi wake ni kwamba karatasi zitachanwa, nami kwa kiherehere changu nikajitolea ubao bure, nikauzungushia fremu ya chuma, mbele nikaweka wavu mzito, bawaba nikazichomelea kwa ndani, na kufuli ambalo ufunguo wake anao mwenyekiti peke yake, nikatamba kwamba hapo hata mwizi mwenye shahada hachani kitu.

Jumatatu orodha ikabandikwa. Nikaenda na miwani yangu, nasoma huku nacheka, kufika namba kumi na saba nakuta jina la mama yangu mzazi, lake na la baba yake, na pembeni imeandikwa: "Mjane. Ana mtoto mmoja, hamsaidii."

Nilivuta ule wavu mpaka vidole vikachubuka. Haukutikisika.

Si kwamba simsaidii kabisa, mwaka juzi nilimpelekea blanketi, ila anakaa chumba chake mtaa wa pili na mke wangu na yeye hawapikiki chungu kimoja, na maisha yenyewe unayajua yalivyo. Nilimwendea siku hiyohiyo, nikamkuta anabandua maboksi dirishani apate mwanga, mezani kuna mafuta ya kula ya kupima, kama vijiko vitatu hivi, nikamwambia, "Mama, umenivua nguo mbele za watu. Nenda ofisini ujitoe, au useme ni mtu mwingine, majina yanafanana." Akaniangalia, akasema, "Baba, mimi niliwaambia sina mtoto. Jirani ndiye aliyesema ninaye."

Sasa kinyozi ananiita Kumi na Saba. Zimebaki siku tisa. Nimeshaandika pingamizi lisilo na jina, kwamba bibi huyo ana mtoto mwenye karakana, aondolewe, ninalo mfukoni. Nishauri, nilipeleke, au nimbembeleze mama ajitoe mwenyewe? Ni mimi, Mzee wa Nondo.

MAJIBU

Kumi na Saba, na mimi nitakuita hivyohivyo, kwa sababu kinyozi wako ana akili kuliko wateja wake.

Pole nakupa moja tu, ya vidole.

Ngoja niseme na la haki. Unga umepanda kweli, na aliyeibiwa mtungi wa gesi ana haki ya kuogopa. Hofu yake siidharau. Ninayemdharau ni wewe uliyeigeuza hofu hiyo kuwa biashara, halafu ukaenda kwa kinyozi kuitafutia wateja. Aliyeiba suruali ya mwalimu mmeshamjua? Hamjamjua. Lakini wewe ulishamjua, ni mtu anayenunua mafuta vijiko vitatu. Hebu niambie, mama yako ameruka kuta ngapi mwezi huu? Unga ukipanda wewe unapandisha bei ya geti. Yeye apandishe bei ya nini, ya maboksi?

Na hayo maboksi umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, wala hukuona haya. Fundi wa vyuma vya madirisha! Kinyozi hajinyoi, tumesikia, lakini wewe dirisha lako naamini lina nondo. Lililobaki na makaratasi ni la aliyekuzaa.

Unamwambia amekuvua nguo. Ulikuwa umevaa nini? Blanketi la mwaka juzi? Mama huyo alikwenda mbele ya watu wa ofisi kujitangaza kuwa hana mtoto, ili wewe usionekane ulivyo. Hilo limekupita, umeona wavu tu. Imeniuma kulisoma, na nimesoma barua nyingi.

Sasa sikiliza. Hilo pingamizi lililo mfukoni halina wavu wala kufuli, lichane leo. Kesho chukua futi kamba ukapime lile dirisha, uweke chuma, uweke na kioo, na usimtumie fundi mwingine. Beba unga na mafuta ya chupa nzima, na wiki ijayo ubebe tena, na nyingine tena. Mkeo hahusiki, hakuna aliyekuomba uwapike wawili hao chungu kimoja; peleka unga kwenye chungu cha mama. Usimwombe ajitoe. Akishiba muda wa kutosha ataamua mwenyewe.

Na siku mtaa utakapokutana kusikiliza mapingamizi simama palepale ulipopigiwa makofi, useme, "Namba kumi na saba ni mama yangu, na kilichoandikwa ni kweli." Halafu omba zile sababu zifutwe kwenye majina ya wote, maana na wengine wana watoto wanaojua kusoma. Makofi usiyangoje.

Ubao wako nimeambiwa kwa barua yako kuwa ni imara, hongera, utadumu. Mwakani orodha itabandikwa nyingine. "Ana mtoto mmoja" ni kweli, hilo liache. Linalobaki ni neno moja tu, na kulifuta hakuhitaji ufunguo wa mwenyekiti.