Sufuria Niliyoisugua

Mjukuu wangu Mariamu,

Salamu za Buyenzi zikufikie huko Kigali. Babu yako bado anakohoa, na mamako ameanza tena kushona. Tupo.

Umeniuliza kama uwashtaki watu wa kantini iliyowalaza wenzako kwa kutapika na kuhara; unasita, maana mpishi ni mutu mwema. Mimi nitakwambia langu tu.

Nilikuwa binti tulipopika pilau ya hitima kwa jirani yetu Mama Hawa, aliyefiwa na mumewe. Kesho yake nusu ya mtaa walikuwa wanatapika. Akaja afisa wa afya, akaomba mabaki ya chakula akayapime. Hayakuwepo. Nilikuwa nimeshayamwaga, nikaisugua sufuria kwa majivu, ili mfiwa asiaibike.

"Nyama mulinunua wapi?" akauliza.

Sisi wanawake tukatazamana. Mimi ndiye niliyejibu: "Apana, bwana, chakula kilikuwa kizuri. Ni mambo ya Mungu tu."

Akafunga daftari lake, akaondoka.

Muuza nyama wetu akaendelea kuuza. Juma lililofuata nyama yake ikapikwa kwenye harusi moja mtaa wa Bwiza, na wageni wakaugua vilevile. Rafiki yangu Zaina alikuwa mmoja wao. Tulimzika Ijumaa. Kwenye hitima yake walinipa sahani ya pilau, nikaishika tu mpaka ikapoa.

Sikuamulii, mwanangu. Mama Hawa alinishukuru kwa kumsitiri mpaka anakufa, na sufuria ile akaniachia. Ningali nayo. Inang'aa.

Bibi yako,
Fatuma