Kadudu ka Baba

Mpanda, Jumanne, Februari 1976

Ni kitu kimoja. Kutwa nimekataa, lakini ni kitu kimoja.

Asubuhi nilikuwa naangalia kwenye hadubini gamba la mwani wa kale, kutoka kwenye tope la Rukwa. Lilikuwa la mviringo kama kifungo, aina inayojulikana tangu zamani. Mara likabiringika ndani ya tone la maji, likalala ubavu, likawa la mstatili. Ndilo umbo lile lile nililolitangaza kuwa spishi mpya! Kumbe nilikipa jina kifungo kilicholala ubavu.

Na jina lenyewe nililolitoa ni la Baba, Lukasi, nikalifungia mkia wa Kilatini. Kesho nitawaandikia wahariri wa jarida walifute. Likishapatikana jina la zamani, jipya halina lake. Sina la kufanya.

Ila Baba. Tangu nimtoe Mpimbwe kuja kutibiwa hapa, kamwambia kila mgonjwa wodini kwamba binti yake kaliweka jina lake mahali pasipofutika. Na daktari ameshaniambia nisitegemee mengi.

Jioni nilimpelekea uji, nimeshapanga maneno ya kumweleza. Akaniwahi.

"Kadudu kangu kangali kazima?"

Si kadudu, ni mwani, na ulikufa kabla ya babu wa babu zetu. Nimemweleza mara ngapi.

"Kazima, Baba."

Akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Si nilikwambia?"